Kumi na Wanne wa Swali la 31

Jumatatu, 6 Machi

Leo nimemwagiwa maji. Si kwa bahati mbaya.

Yule mzee wa nyumba ya kona, karibu na ghala la mananasi, alikuwa anaosha pikipiki yake. Alinijibu vizuri mpaka swali la thelathini. Umeme, choo, simu ngapi, amewahi kulazwa hospitali. Nikampa tableti, nikamwambia swali la thelathini na moja ajaze mwenyewe, mimi nitatazama pembeni. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Kisha akanielekezea mpira wa maji, taratibu, kuanzia viatuni kwenda juu, kama anavyoosha pikipiki.

Tableti niliificha kwapani. Imepona. Viatu basi.

Swali lenyewe si refu. Ulipozaliwa uliandikishwa mwanamume au mwanamke? Halafu: leo wewe mwenyewe unajiona nani? Mwanamume, mwanamke, mwingine, sitaki kusema. Wanataka kujua katika wilaya yetu wako wangapi, watu wazima ambao majibu yao mawili hayafanani. Nani anataka kujua? Mimi sitaki. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii ya udadisi. Nimeuliza watu habari za minyoo, za pombe, za mara ngapi wanalala na wake zao, na hakuna aliyenimwagia maji.

Nimerudi nyumbani naacha nyayo. Mama mkwe alikuwa chini dukani, amefungua pampu ya mtu, mikono myeusi mpaka viwikoni. Ana miaka sabini na tisa, duka kamwachia mwanawe Ping-huang, yaani mume wangu, na bado hawezi kumwona mtu mwingine akishika spana. Akanitazama miguu. Akasema nimemchafulia sakafu aliyoipangusa. Sakafu niliipangusa mimi, asubuhi, yeye akiwa bado anakoroma.

Sikumjibu. Miaka ishirini na tisa simjibu. Ndiyo maana naandika.

Jumatano, 8 Machi

Mkuu wa mtaa, Bwana Yu, ametutangaza kwa vipaza sauti vya nguzoni, vile vya kuonya watu kimbunga. Watu wa utafiti wakija, si lazima muwafungulie. Mara mbili, saa tatu na saa sita.

Milango mitano leo. Mitatu sikufunguliwa. Wa nne, mwanamke akasema: wewe si mkwe wa duka la pampu? Hata wewe umeingia kwenye mambo hayo? Wa tano alinikaribisha, akanipa chai, akanisomea karatasi ya kundi la wazazi inayosema tunataka kuwafundisha watoto kuvua suruali. Nilikunywa chai yote. Ilikuwa nzuri.

Ofisini, Hsin-lei alikuwa analia chooni. Ana miaka ishirini na minne na huu ni utafiti wake wa kwanza. Mhojiwa kamwuliza yeye mwenyewe ana nini ndani ya suruali, na wanaume waliokuwa wanacheza karata pale wakacheka. Nikamwambia anawe uso, machozi akayamalizie kwao. Akasema: Dada Pi-yun, watu hawa wasipohesabiwa, wakubwa watasema hawapo. Nikamwambia wawepo wasiwepo, mimi nimebakiza nyumba kumi na moja.

Jumanne, 14 Machi

Tumefunga. Watu 1,204 wamehojiwa.

Kumi na wanne. Ndio ambao majibu yao mawili hayakufanana.

Bwana Hsueh, msimamizi wetu, alituita chumba cha mkutano, juu ya duka la dawa. Ana shahada tatu na kikombe chake mwenyewe ambacho hakuna ruhusa kukigusa. Akaandika ubaoni: kila mtu tuliyemhoji anasimama kwa niaba ya watu 358 wa wilaya. Kumi na wanne mara 358. Elfu tano na kidogo.

Akaangalia ile elfu tano kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza.

Akasema hawezi kuipeleka. Walioagiza utafiti wako mjini wanasubiri, nusu yao hawakulitaka swali tangu mwanzo. Elfu tano, katika wilaya ya mananasi na nyama ya bata bukini? Watatucheka, kisha watasema na hesabu zetu za minyoo zilikuwa uongo. Kwa hiyo: tunarudi. Walio chini ya miaka sitini na mitano wako tisa, tutawafuata mmoja mmoja na kuwauliza kama walimaanisha. Wazee watano tutaona baadaye.

Hsin-lei akanyoosha mkono. Tuliwaahidi hakuna atakayejua. Bwana Hsueh akasema tuliahidi kutotangaza majina, na majina hayamo, kuna anwani na umri tu. Kurudi ni kuhakiki ubora. Akanigeukia: Dada Pi-yun ni mkongwe, atuambie.

Nikasema ni sawa. Hata sikufikiri. Nilifikiria yule mzee na mpira wake.

Alhamisi, 16 Machi

Wangu ni wanne. Nimeanza na kibanda cha bata bukini cha barabara ya stesheni.

Umri 26, kaandikishwa mwanamke, anajiona mwanamume. Nilimtambua mara moja: yule anayefunga nyama, nywele fupi, kimya, mikono myepesi. Baba yake alikuwa mbele anakatakata. Ilikuwa saa nne, wateja hawajaja. Ningeweza kumvuta kando. Ningeweza kununua nusu bata, nimsubiri aje na mfuko. Nilikuwa na haraka.

Nikasema: nimekuja kuthibitisha jibu lako la swali la thelathini na moja.

Baba akauliza swali gani. Kijana akasema si kitu, Baba, mambo ya takwimu. Baba akasema nipe nione, mimi na binti yangu hatuna siri. Na mimi nikawa nimeishika ile tableti, imewaka, imeelekea kwake. Sikuielekeza. Wala sikuigeuza.

Akasoma huku kisu kiko mkononi. Alisoma polepole, midomo inacheza. Kisha akamtazama mwanawe, si kwa hasira. Kama unavyomtazama mtu aliyekaa kwenye kiti chako kwenye treni, unangoja ainuke.

Yule kijana akasema: nilikosea. Nilibonyeza vibaya, Mama. Andika nilikosea.

Nikaandika: kosa la mhojiwa. Baba akanifungia mapaja mawili, akakataa pesa.

Tumeyala usiku. Mama mkwe kasema yamekauka.

Ijumaa, 17 Machi

Wa pili, kosa. Alijibu kupitia dirisha, mkewe nyuma yake. Wa tatu, kosa — alijua nakuja kabla sijafika, sijui nani kamwambia. Wa nne hakufungua, ingawa feni ilikuwa inazunguka ndani na viatu viko mlangoni. Nimempigia simu Bwana Hsueh. Kasema asiyefungua, kosa.

Kazi ya siku mbili nimeimaliza kwa moja na nusu. Zamani hilo lingenifurahisha.

Jumatatu, 20 Machi

Tisa wamekuwa watatu. Hao watatu ni wa Hsin-lei. Aliwapeleka kunywa chai mbali na kwao, akaongea nao mmoja mmoja, wote wakasema ndiyo, tulimaanisha, na mmoja wao akamwuliza kama kuna fomu nyingine ajaze. Bwana Hsueh hakufurahi sana lakini akasema watatu wanabebeka.

Kisha wazee. Hao, alisema, hakuna haja ya kuwafuata. Mtu wa miaka sabini na kitu, mkono unatetemeka, skrini hajaizoea, swali halielewi. Kiongozi wa eneo anasaini tu: kosa la kubonyeza. Wote watano wako eneo langu, na kiongozi wake ni mimi. Akanipa karatasi moja, mistari mitano, sehemu ya saini chini.

Nilishatoa kalamu.

Mstari wa nne: umri 79. Kaandikishwa mwanamke. Anajiona mwanamume. Mtaa wetu. Namba yetu.

Nilidhani wamekosea namba ya nyumba. Nikaisoma kwa kidole. Mdadisi: Hsin-lei, maana sisi haturuhusiwi kuhoji kwetu. Tarehe 2 Machi, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa kazini, Ping-huang alikwenda kufunga pampu shambani kwa watu. Nyumbani alikuwa mmoja tu.

Nikasema naumwa kichwa, nitasaini kesho. Na kweli kiliniuma.

Jumanne, 21 Machi

Nimemtazama siku nzima.

Kwanza nilisema: kakosea. Halafu nikacheka peke yangu jikoni. Huyu? Huyu anayesoma gazeti bila miwani na kuniambia bei niliyodanganywa sokoni? Anayesikia mota inanguruma barabarani akasema beringi ya nyuma imekwisha? Sijawahi kumwona akikosea kitu hata kimoja, na yote mabaya aliyonitendea aliyakusudia. Katika watu wote 1,204 hakuna ninayeweza kumtolea ushahidi kama yeye. Watu wanaopendana hawachunguzani namna hii.

Kisha nikasema: kanikomoa. Kajua ni ofisi yangu, kajaza upuuzi nikaaibike. Hilo linafanana naye zaidi.

Lakini kwa kunikomoa angejaza maswali yote. Nimeangalia kwenye faili, jambo ambalo siruhusiwi. Mengine yote yako sawa, hata mwaka wa kuchimba kisima.

Karatasi iko kwenye mkoba wangu. Sijasaini.

Jumatano, 22 Machi

Nimemwuliza.

Alikuwa uani ananawa grisi, kwa sabuni ya unga na sukari kama kawaida yake. Ping-huang hakuwepo. Nikasimama mlangoni, nikasema: Mama, ulibonyeza vibaya swali la thelathini na moja.

Hakugeuka. Akasema: sikubonyeza vibaya.

Nikasema labda hukulielewa. Akasema hilo ndilo lilikuwa rahisi. La umeme ndilo lilimsumbua, ilibidi atafute bili. Akaendelea kusugua. Kisha mikono ikasimama.

“Nani kakwambia? Yule binti alisema karatasi haina jina.”

“Haina jina. Ina anwani.”

“Basi mlinidanganya.”

“Ndiyo, Mama. Tulikudanganya.”

Nadhani hata yeye alishtuka. Katika miaka ishirini na tisa hajawahi kunisikia nikikubali kosa. Akanifanyia ishara nikae kwenye ndoo. Yeye akabaki amesimama.

Nikamwuliza ni tangu lini. Akasema tangu akiwa mdogo kuliko hiyo ndoo niliyoikalia. Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. Akasema: kwa nani? Nikamwuliza baba yake Ping-huang alijua? Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila alifunga nyaya vibaya, na usiku alikuwa na adabu.

Nikamwuliza sasa anataka nini. Tumwite vipi? Hapo akakasirika.

“Sitaki uniite kitu. Hilo la ‘Mama’ lenyewe hujawahi kuniita kwa moyo, utaliweza jingine? Nimezeeka. Mtoto nimemzaa, pampu nimezifunga. Mimi niliulizwa swali, miaka sabini na tisa mara ya kwanza nimeulizwa, nikajibu. Sasa mnarudi kuuliza kama nilisikia vizuri.”

Nikasema watu huko ofisini wanaona mzee hawezi kujua.

“Na wewe unaona nini?”

Nikampa kitambaa. Akajipangusa mikono. Akasema, kama mtu anayemalizia hesabu ya zamani, kwamba siku nilipoingia nyumba hii nimevaa nguo nyekundu ya harusi, kila mtu ananiambia nimependeza na mimi najua ni kweli, alinichukia. Yeye siku yake alivalishwa ile nguo akaona kama amevalishwa gunia. Alisimama nayo kutwa nzima, akatabasamu, akapigwa picha. Halafu nikaja mimi, nikaivaa kama ngozi yangu.

“Na kupika hujui,” akasema. Akaingia ndani.

Nilibaki kwenye ndoo mpaka miguu ikafa ganzi.

Alhamisi, 23 Machi

Nimepitia kibanda cha bata bukini. Sikutaka kununua. Baba yuko peke yake, anakata, anafunga, wateja wamepanga foleni. Nilipofika mbele akanitambua. Akasema mwanawe kaenda kaskazini tangu Jumamosi. Simu hapokei. Akasema: Mama, wewe una orodha za watu, huwezi kunitafutia?

Alisema “mwanangu”. Wiki iliyopita alikuwa anasema “binti yangu”. Sijui kama alikusudia.

Nikamwambia orodha zetu haziko hivyo. Akanifungia mapaja mawili. Safari hii nililipa.

Ijumaa, 24 Machi

Bwana Hsueh kanidai karatasi. Nikamwambia wazee nao wafuatwe, kama wale tisa. Akasema muda hakuna, Jumatatu saa kumi na moja jioni inakwenda mjini. Nikasema basi sisaini. Hapo ndipo akaipitia mwenyewe, mstari kwa mstari, akafika wa nne, akasimama.

“Dada Pi-yun. Hapa si kwako?”

Akacheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alicheka kama mtu aliyefumbua kitendawili kidogo. Akasema kumbe jambo lenyewe ni hilo tu, nimwulize bibi jioni, bibi aseme alikosea, nisaini. Nikasema nimeshamwuliza. Hakukosea.

“Ana miaka sabini na tisa.”

“Ndiyo. Na hakukosea.”

“Unampenda, unamtetea.”

Nikamwambia simpendi. Nikamwambia mbele ya Hsin-lei na yule wa mapokezi: simpendi, nimekaa naye miaka ishirini na tisa na ningekuwa na uwezo ningehama kesho, ndiyo maana nakwambia najua ninachosema. Bwana Hsueh akashika kikombe chake. Akasema sawa, kesho atakuja mwenyewe.

Jumamosi, 25 Machi

Kaja saa tano, na boksi la keki za nanasi.

Sikuwaambia kitu Ping-huang wala mama yake. Nilijidanganya kwamba atapatwa na dharura, hatakuja. Ping-huang alikuwa kaunta, mama mkwe kakaa kwenye stuli yake ya chini na pampu katikati ya magoti.

Bwana Hsueh akachuchumaa mbele yake, akapaza sauti kama anaita mtu ng’ambo ya mto. Bibi, unanisikia?

“Punguza. Pampu ndiyo mbovu, si masikio.”

Ping-huang akacheka, akavuta kiti. Alidhani ni mteja. Bwana Hsueh akaanza: kuna jibu moja dogo, skrini hizi zina matatizo, kidole kinateleza… Ping-huang akauliza jibu gani. Na Bwana Hsueh akamsomea. Hivihivi. Swali, jibu, kwa sauti ileile ya kuvukia mto.

Ping-huang akacheka tena. Kicheko kizuri, cha tumboni. Akamtazama mama yake ili wacheke wote. Mama yake hakuwa anacheka.

“Kidole hiki kimefunga nyaya za mota miaka sitini,” akasema. “Hakitelezi.”

“Mama, unasema nini?”

“Nimemjibu aliyeniuliza. Wewe hukuuliza.”

Shingo ya Ping-huang ikawa nyekundu, kisha masikio. Akamwambia Bwana Hsueh: futa. Huyu ni mzee. Siku hizi anachanganya mambo. Alisema hivyo juu ya mtu ambaye asubuhi hiyohiyo alimsahihisha hesabu ya vipuri, na alijua kwamba mimi najua.

Mama mkwe aliinua uso. Akamtazama mwanawe. Nimemwona akinitazama mimi kwa dharau, kwa uchovu, kwa chuki safi. Ile ya leo sijawahi kuiona. Kisha akainamia pampu, akaanza kukaza parafujo moja baada ya nyingine, bila haraka.

Nilimsindikiza Bwana Hsueh mpaka barabarani. Akasema: unaona? Hata mwanawe wa kumzaa anasema ni uzee. Jumatatu, Dada. Keki akaziacha.

Niliporudi, Ping-huang aliniambia neno moja tu. Kasema mimi ndiye niliyeleta jambo hili ndani ya nyumba.

Kweli. Ni mimi.

Jumapili, 26 Machi

Hakuna anayesema na mtu. Ping-huang amekula amesimama. Mchana alinikuta kwenye ngazi akauliza: Baba alijua? Nikamwambia amwulize mwenyewe, yuko hatua kumi. Akaziangalia zile hatua kumi. Akapanda juu.

Mama mkwe amekula keki mbili za nanasi.

Jumatatu, 27 Machi

Saa tisa na dakika arobaini. Naandikia kwenye kiti cha pikipiki.

Asubuhi nilifika ofisini, karatasi ilishachapwa upya, jina langu tayari chini, bado saini. Niliikunja nikaitia mkobani, nikamwambia Bwana Hsueh nakwenda kuhakiki ubora. Akasema sina idhini. Hsin-lei akainuka, akanipa tableti yake, yangu ilishakusanywa.

Wa kwanza, mzee wa miaka 71, nje kidogo ya mji. Nilimwomba mkewe aniletee maji ili tubaki wawili. Nikageuza uso, nikamwachia skrini. Akabonyeza, akacheka mpaka akakohoa. Alikosea kwelikweli. Alidhani swali linauliza habari za mkewe. Nimeandika kosa, na safari hii kalamu haikunisuta. Bwana Hsueh hakukosea kwa wote. Hilo limeniuma kidogo.

Wa pili, miaka 68, muuza mbegu. Aliposikia namba ya swali akaenda kufunga mlango wa duka, mchana kweupe, akashusha na pazia. Akajibu vilevile kama mwanzo. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama wengine wapo. Nikasema siruhusiwi kumwambia. Akasema haidhuru, asitajiwe nani, atajiwe wangapi tu. Nikasema tulihesabu kumi na wanne. Akauliza: mpaka leo ni kumi na wanne? Sikumdanganya. Nikamwambia hao ndio nahangaika nao. Akanipa pakiti ya mbegu za mchicha.

Wa tatu yuko hospitali, hawezi kusema. Nimeacha wazi. Si kosa. Wazi.

Wa nne namjua.

Wa tano ni hapa. Miaka 82, kaandikishwa mwanamke, kajaza “mwingine”. Nyumba ya ghorofa mbili, vitunguu saumu vimening’inia barazani. Nimegonga. Aliyefungua ni mwanamke wa umri wangu, aproni kiunoni, sura ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Nikajieleza. Hakuniacha nimalize.

“Ni mama mkwe wangu. Hajui kitu yule, kichwa kimeshamwisha. Niulize mimi, nitakujibia yote.”

Nyuma yake, ndani, kuna mtu amekaa kwenye kiti cha mianzi, redio ndogo mapajani. Aliposikia hivyo akazima redio.

Nikasema namhitaji mwenyewe. Yule mwanamke akaegemea mlango, mkono mmoja huku mwingine kule. Akasema: wewe hukai naye. Hujui anavyonitesa. Njoo ukae naye mwezi mmoja ndipo uniambie nani wa kuulizwa.

Nikamwambia najua. Nikamwambia mimi ninaye wangu, miaka ishirini na tisa, na leo asubuhi kaniambia uji wangu unafaa kubandikia matangazo. Hakucheka, lakini mkono mmoja ulishuka. Akasema ningoje nje, anamalizia kitu jikoni, kisha ataona.

Basi nangoja. Simu inaita, ni Bwana Hsueh, mara ya sita. Kutoka hapa mpaka ofisini ni dakika ishirini na tano nikikimbia. Mlango haukufungwa vizuri. Kutoka hapa nilipo namwona yule wa kiti cha mianzi, ameinuka, ameshika ukuta, anakuja mlangoni polepole. Yule mwanamke naye ametoka jikoni, amemwona, anamwambia akae. Hakai. Wanatazamana pale ukumbini, na mimi nimeshashika tableti. Nafunga daftari, nakwenda.